HABARI ZA KAMPUNI YA MELI YA BRITISH INDIA, NA FUNZO LAKE KWA UMOJA WETU

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Umoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



 Mimi ni mdogo kwa umri kuliko wengi walioketi safu ya mbele, na katika mambo nitakayoyasema yako ambayo wazee wetu waliyaona kwa macho, hali mimi nimeyasoma na kuyasikia tu. Basi nikikosea naomba nisahihishwe kwa upole, kama mtoto asahihishwavyo na baba zake.

Katika mkutano wa mwaka jana mzee wetu mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Wewe karani unayeshinda Kilindini na makaratasi ya meli, hebu tuambie, zile meli za B.I. zilikwenda wapi?" Nilijibu kwa haraka kwamba zilikwisha uzwa, watu wakacheka, nasi tukaendelea na shauri la michango. Lakini swali lile halikuniacha. Niliona kwamba kampuni ambayo kwa muda wa miaka kama 100 ilileta barua, wageni, mchele na chuma katika pwani yetu haifai kujibiwa kwa neno moja. Leo nimekuja kulipa deni lile. Tena mwishoni nitaomba ruhusa yenu niunganishe habari hizi na shauri la daftari lililoletwa na Halmashauri, ambalo mtalipigia kura alasiri hii.

Mwanzo wa Kampuni

Wazee wazikumbuka meli zenyewe. Alama yake ilikuwa bomba jeusi lenye mikanda miwili myeupe iliyokaribiana, na mtu aliyesimama Likoni aliweza kulitambua kabla meli haijaingia mlangoni.

Mwanzilishi wake alikuwa Mskochi, jina lake William Mackinnon, aliyezaliwa mwaka 1823 katika mji mdogo wa Campbeltown. Hakuzaliwa katika utajiri. Ujana wake alifanya kazi ya duka la vyakula. Mwaka 1847 alikwenda Bara Hindi, akashirikiana na mtu wa kwao, Robert Mackenzie, katika biashara ya huko Bengali. Mwaka 1856 likapatikana jambo lililombadilisha kutoka mwenye duka kuwa mwenye meli: Serikali ya Bara Hindi ilitaka barua zichukuliwe kwa meli za moshi baina ya Calcutta na Rangoon, na Mackinnon akapata kazi hiyo. Kampuni ikaanzishwa mwaka ule ule kwa meli mbili tu. Mwaka 1862 ikachukua jina la British India Steam Navigation Company, ambalo kwa ufupi tulizoea kuliita B.I.

Naomba tusimame kidogo hapa juu ya jambo la posta, kwa maana ndiyo siri ya biashara yote. Meli hula fedha hata ikiwa imelala nangani. Kuna makaa, kuna mishahara ya mabaharia, kuna bima na matengenezo. Mwenye meli anayetegemea bahati ya shehena aweza kufilisika kwa safari mbili tatu tupu. Lakini mwenye mkataba wa posta hulipwa na Serikali kwa kila safari, meli ijae isijae, mradi ifike siku iliyoandikwa. Kwa hiyo fedha ya posta ilikuwa ni chakula cha meli, na shehena na nauli zikawa faida. Tena meli ifikayo kwa siku yake huaminiwa na wenye biashara, nao huipa mizigo yao wakiiacha ile isiyojulikana itafika lini. Mackinnon alielewa jambo hili mapema. Kila alipokwenda, kwanza alitafuta mkataba wa barua, kisha akapanga saa, kisha akaweka wakala mwenye daftari.

Kufika kwake Afrika ya Mashariki

Hata kufikia wakati huo biashara ya pwani yetu ilifuata pepo. Madau na majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi, na mwenye mali aliyechelewa msimu hakuwa na la kufanya ila kungoja msimu mwingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwezi Novemba mwaka 1869, na njia ya kutoka Ulaya ikafupika sana. Mwezi Aprili mwaka 1872 dhoruba kuu iliipiga Unguja, ikavunja mikarafuu mingi na kuzamisha merikebu za Sultani Seyyid Barghash. Mwaka huo huo B.I. ilipata mkataba wa kuchukua barua baina ya Aden na Unguja mara moja kila majuma manne. Kwa mara ya kwanza mfanyabiashara wa Unguja aliweza kujua barua yake itaondoka lini na jibu lake atalitarajia lini, bila kuuliza upepo.

Haikuwa kwamba wenyeji walikaa wakitazama tu. Seyyid Barghash mwenyewe baadaye alinunua meli za moshi, akazifanyia biashara ya kwenda Bara Hindi. Lakini B.I. ilikuwa na mtandao mkubwa zaidi, na mwaka 1877 ikaanza Unguja ile nyumba ya biashara ya Smith Mackenzie, iliyokuwa wakala wa meli zake, ambayo baadaye ilifungua ofisi Mombasa na mahali pengine. Karani wa wakala huyo aliandika kila mzigo ulioingia na uliotoka: alama yake, hesabu yake, uzito wake, na jina la mwenyewe.

Biashara yageuka utawala

Sasa nafika penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mackinnon hakuridhika na bahari peke yake. Tarehe 24 Mei 1887 Seyyid Barghash aliwakabidhi Mackinnon na wenziwe haki ya kutawala sehemu ya pwani kwa jina lake, na mwezi Septemba mwaka 1888 Malkia wa Uingereza akawapa hati ya kifalme. Ndipo ilipozaliwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyoweka makao yake hapa Mombasa. Haikuwa ndiyo B.I. yenyewe, lakini mkuu wake alikuwa yule yule mmoja. Ilitoza ushuru wa forodha, ikaweka askari, ikapiga sarafu zake, ikaanza kutengeneza barabara ya kwenda bara. Ninyi mnaopita njia ya Voi mnapaona mahali paitwapo Mackinnon Road. Jina lile latokana na barabara hiyo, iliyoanzwa mwaka 1890.

Hiyo ilikuwa safari iliyowashinda. Meli isiyopata faida katika njia moja huhamishiwa njia nyingine, lakini nchi haihamishwi. Gharama za Uganda zilikuwa kubwa kuliko mapato, na Mackinnon akafa mwaka 1893 kabla ya kuona mwisho wake. Tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ilishika utawala, na ile Kampuni ikalipwa pauni 250,000, ambazo sehemu yake kubwa ilitoka katika fedha za Zanzibar. Wenye nchi hawakuulizwa neno. Nchi ilitoka mkono mmoja ikaingia mkono mwingine, kama gunia litokavyo melini likaingia bohari, na hati ikatiwa sahihi.

Kampuni ya nchi kavu ikafa, bali ile ya bahari ikazidi kustawi. Mwaka 1896 ulianza ujenzi wa reli, na vyuma, mataruma, mashine na chakula vyote vilipita Mombasa, pamoja na maelfu ya mafundi na wafanyakazi kutoka Bara Hindi. Reli ilipofika ziwani mwezi Desemba mwaka 1901, shehena ya kutoka bara nayo ikaanza kuteremka: ngozi, pamba, kahawa, na baadaye magadi na katani. Mwaka 1914 B.I. iliungana na kampuni kubwa ya P&O, lakini iliendelea kutumia jina lake na bendera yake. Katika miaka ya 1920 ilikuwa na meli zaidi ya 150, nayo ikahesabiwa miongoni mwa makampuni makubwa ya meli duniani. Njia iliyotuhusu zaidi ni ile ya kutoka Bombay kupitia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mpaka kusini. Wenye uwezo walilala vyumbani. Maskini walisafiri sitahani na mikeka yao na vyakula vyao. Watu wengi wa asili ya Kihindi katika nchi hii wakiulizwa babu zao walifikaje, watataja meli za B.I.

Kazi ya gatini

Wenzangu, mpaka hapa nimesema habari za wenye meli. Lakini chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za bandari hii zilikuwa mikono ya watu wetu.

Kabla ya magati ya kina kirefu kufunguliwa Kilindini mwaka 1926, meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji. Matishari yalikwenda kando yake, mizigo ikateremshwa kwa winchi, matishari yakavutwa mpaka ufukoni, na makuli wakaipandisha mizigo mabegani. Hata baada ya magati kujengwa, mwili wa mtu ndio uliofanya kazi ya mwisho. Genge moja lilishuka ngamani, kwenye joto na vumbi la saruji, likapanga magunia juu ya wavu, winchi ikanyanyua, genge la pili likapokea gatini na kupeleka bohari. Juu yao alisimama serahangi akiamrisha, na kando alisimama karani na ubao wake akihesabu.

Wenye meli kwa kawaida hawakuwaajiri makuli hawa. Kazi ya kupakua na kupakia walipewa makampuni mengine ya hapa bandarini, nayo yakalipwa kwa tani. Na kwa kuwa siku moja zaweza kufika meli tano na siku ya pili isifike hata moja, makampuni hayo yalipendelea vibarua wa kutwa. Asubuhi watu walikusanyika langoni. Waliochaguliwa wakaingia, waliobaki wakarudi na njaa yao. Kwa wenye meli mpango huu ulikuwa na faida, kwa maana meli ikichelewa, hasara ya kungoja haikuwa yao, ilikuwa ya kibarua na watoto wake.

Watu hawakuvumilia milele. Makuli waligoma mwaka 1934, na tena mwaka 1939. Tarehe 13 Januari 1947 watu kama 15,000 wa mji huu waliacha kazi, si makuli peke yao, bali na wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani, kwa sababu kodi za vyumba na bei za vitu zilikuwa zimeshinda mishahara. Mji ulisimama kwa muda wa siku 12. Hapo ndipo kilipojulikana chama cha African Workers' Federation na kiongozi wake Chege Kibachia, ambaye mwezi Agosti mwaka ule ule alikamatwa akapelekwa kizuizini Baringo kwa miaka mingi. Makuli waligoma tena mwezi Machi mwaka 1955. Tom Mboya, alipokuwa bado kijana, alikuja kuwa msuluhishi, na mishahara ikaongezwa. Jambo moja lililopatikana katika miaka ile, ambalo watu hawalitaji sana, ni kuandikishwa kwa vibarua: mtu awe na namba, ajulikane kuwa ni mtu wa bandari, siku zake zihesabiwe.

Babu yangu

Hapa naomba radhi kwa kutaja habari ya nyumbani kwangu. Babu yangu mzaa baba aliingia kazi ya ukuli Kilindini mwaka 1938. Hakujua kusoma, lakini alijua kutazama wavu ukiwa hewani akakwambia una magunia mangapi. Alikuwamo katika mgomo wa 1939, alikuwamo katika ule wa 1947. Alitoka kazini mwaka 1962, mgongo wake ukiwa umekwisha haribika.

Alipokwenda kuuliza kiinua mgongo, karani wa kampuni moja iliyokuwa ikipakua mizigo wakati huo alifungua daftari mbele yake, akamwambia kwamba utumishi wake waanza kuhesabiwa mwaka 1954. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa kutwa, na jina lake halimo. Miaka 16 ikaanguka majini. Baba yangu alikuwa kijana mdogo, naye alifuatana naye siku ile. Asema babu hakugombana wala hakupaza sauti. Aliuliza neno moja tu: "Na magunia niliyobeba miaka hiyo yamo?" Karani akajibu: "Magunia yamo, mzee."

Siwezi kumlaumu sana karani yule, kwa sababu mimi nami ni karani. Alisoma kilichoandikwa. Lakini tangu siku nilipoelezwa habari hiyo, kila nifunguapo orodha ya shehena na kuona kila mfuko una alama yake na namba yake, mimi hujiuliza jina la aliyeubeba liko wapi.

Waliozama

Twende sasa kwenye vita kuu ya pili, maana na huko lipo jambo la majina. Meli nyingi za B.I. zilichukuliwa kubeba askari. Moja yake, iitwayo Rohna, ilipigwa kwa bomu la ndege katika bahari ya Mediterania tarehe 26 Novemba 1943, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao askari wa Marekani.

Msiba uliotugusa sisi ni wa meli nyingine, Khedive Ismail. Hiyo haikuwa mali ya B.I., lakini iliondoka hapa hapa Kilindini mwezi Februari mwaka 1944, ikifuatana na msafara wa meli za kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, namba 301. Tarehe 12 Februari manowari ya Kijapani ya chini ya maji iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na miongoni mwao walikuwa vijana wengi mno wa nchi zetu.

Watu hao hawana kaburi. Lakini katika makaburi ya vita ya Nairobi upo Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, na majina ya askari wa kikosi hicho yameandikwa pale. Mjukuu aweza kwenda leo akalitafuta jina la babu yake akaligusa kwa kidole. Haimrudishii mtu, wala hailipi damu. Lakini ni tofauti kubwa na mtu ambaye hata ukiuliza aliwahi kuishi, hakuna karatasi itakayokujibu.

Mwisho wa meli

Sasa nalijibu swali la mzee wetu. Baada ya vita B.I. ilijenga meli mpya nzuri, Karanja na Kampala za njia ya Bombay, kisha Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka 1952 za njia ya London. Lakini mambo matatu yaliziondolea kazi. Kwanza, ndege ilichukua abiria na barua, na ile posta iliyokuwa mwanzo wa kampuni ikapaa angani. Pili, mwezi Juni mwaka 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa sababu ya vita, haukufunguliwa mpaka Juni 1975, na meli za Ulaya zikalazimika kuzunguka kusini mwa Afrika. Tatu, yalikuja makontena. Kontena moja huchukua mzigo wa mamia ya magunia, na kreni hulinyanyua kwa dakika chache.

Meli iliyoitwa Kenya iliuzwa mwaka 1969 ikavunjwa. Kampala ilivunjwa mwaka 1971, na katika mwaka huo huo P&O ilianza kuimeza B.I. katika idara zake, hata jina likapotea katika biashara. Karanja iliuzwa kwa shirika la meli la India mwaka 1976. Uganda iliishi zaidi: iligeuzwa meli ya kuwatembeza wanafunzi, ikawa hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, na mwaka 1986 ikafikia mwisho wake huko Taiwan, ikakatwa kuwa vyuma chakavu.

Na P&O iliyoimeza B.I.? Nayo ilinunuliwa mwaka 2006 na DP World ya Dubai. Fikirini, wazee wangu: pwani ile ya Ghuba ambako hapo kale B.I. ilipeleka barua kwa mkataba wa Serikali ya Bara Hindi, ndiko alikotoka mnunuzi. Wala tusidhani kwamba mambo ya vibarua yamekwisha kwa wenzetu wa Ulaya. Mwezi Machi mwaka 2022 kampuni ya vivuko yenye jina lile lile la P&O iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 siku moja, bila kushauriana nao kwanza.

Kwa upande wa bandari yetu, mwaka 1964 makampuni ya kupakua yaliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1969 likaja Shirika la Bandari la Jumuiya. Na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Halmashauri ya Bandari ya Kenya ikaanzishwa, ikashika kazi mwaka 1978. Leo bandari hii hupitisha zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka. Mpakuzi wa leo huketi juu ya mashine. Hata hivyo, nje ya lango bado wapo vijana wangojao kuitwa kwa siku moja.

Daftari letu

Bwana Mwenyekiti, sasa naingia katika shauri lenyewe.

Mwaka huu tulizika wanachama wawili waliofanya kazi hapa mjini. Wa kwanza alikuwa mtu wa taratibu. Mkewe alileta bahasha moja kuukuu, na ndani yake mlikuwamo barua ya kuajiriwa, namba ya NSSF, kadi yake ya Umoja, na karatasi yenye majina ya watoto. Nilimwandikia barua mbili tu, na mambo yake yanakwenda. Wa pili alifanya kazi miaka mingi kuliko yule wa kwanza. Mjane wake hakuwa na chochote ila picha ya mumewe akiwa na wenziwe mbele ya bohari. Tumekwenda ofisi nne. Kila mahali twaulizwa: alianza lini? nani alimwandika? mrithi ni nani? Sisi tuliokula naye na kulia naye miaka yote hatuna la kujibu, maana Umoja wetu uliandika michango yake shilingi kwa shilingi, wala haukuandika jambo jingine lo lote juu yake.

Nilipoliona hilo niliona haya. Tulikuwa tumefanya yale yale aliyofanyiwa babu yangu: fedha imo, mtu hamo.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba kura zenu kwa daftari jipya la wanachama. Kila mmoja apewe ukurasa wake. Yaandikwe jina lake kamili na la kwao. Kazi afanyayo, mwajiri wake, na tarehe ya kuanza. Namba zake za haki za uzeeni. Na majina ya warithi wake, kwa kauli yake mwenyewe na mbele ya mashahidi wawili. Asiye na kazi ya mwezi, yaani kibarua, mchuuzi au fundi, naye aandikwe kwa ukamilifu ule ule, na zaidi, kwa sababu yeye ndiye asiyeandikwa mahali pengine po pote.

Najua kwamba wako wazee wasiopendezwa. Mmoja aliniambia kwamba kuhesabu watu ni nuksi. Namheshimu kwa neno hilo, kwa maana wazee wetu walihesabiwa mara nyingi, na kila walipohesabiwa ilikuwa ni kwa kodi au kwa kuchukuliwa kazi. Lakini daftari hili si la bwana. Litakaa katika sanduku lenye funguo mbili, mmoja kwa Mwenyekiti na mmoja kwa Mweka Hazina, wala mimi karani sitalifungua peke yangu. Mzee mwingine alisema mambo ya warithi yatatia fitina nyumbani. Mimi nasema fitina tumekwisha iona, nayo huja wakati mwenyewe hayupo kusema alilotaka.

Wazee wa pwani hii walisema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari. Mackinnon na wenziwe walilishika neno hilo kuliko sisi wenye nalo. Walikuja na meli mbili na kitabu cha hesabu, wakafika mpaka kutawala nchi. Hatutaki kutawala nchi ya mtu. Twataka tu kwamba siku mwanachama wetu atakapokufa, mjane wake akija mlangoni akauliza, "Mume wangu yumo?", karani atakayekuwapo, awe mimi au mwingine, aweze kufungua ukurasa na kujibu, "Yumo, mama. Keti."

 Mwenyezi Mungu aubariki Umoja wetu, na awarehemu waliotutangulia, walioandikwa na wasioandikwa.